Kigali: Pesa iko kwenye sahani ya mchana

Mfanyabiashara wa Dar es Salaam anayefika Kigali kwa mara ya kwanza huwa na makosa mawili ya kawaida. Kosa la kwanza ni kula chakula cha jioni katika hoteli aliyofikia, akatozwa bei iliyopangwa kwa ajili ya wajumbe wa mikutano ya kimataifa. Kosa la pili ni kutazama meza za hoteli hiyo zilizojaa watu, glasi za mvinyo na sahani zenye chakula kidogo katikati, kisha akarudi nyumbani akipiga hesabu za kufungua mgahawa wa namna ile ile. Kosa la kwanza humgharimu faranga kadhaa. La pili linaweza kumla mtaji alioukusanya kwa miaka kumi.

Swali la wapi kwa kula katika mji kama Kigali huonekana ni la watalii. Kwa mtu wa biashara ni swali la soko. Anayejua nani anakula wapi, saa ngapi, na analipa kwa pesa ya nani, amekwisha kusoma nusu ya uchumi wa mji huo bila kufungua ripoti yoyote.

Rwanda ni nchi ndogo. Eneo lake ni kilomita za mraba 26,338, na Mkoa wa Tabora peke yake unaizidi zaidi ya mara mbili. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 13.2, na katika hao wakazi wa Jiji la Kigali walikuwa milioni 1.7. Nchi hiyo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Soko la Pamoja likaanza mwaka 2010, na Kiswahili kikafanywa lugha rasmi mwaka 2017. Kwa hiyo mlango kwa mwekezaji mdogo kutoka nchi jirani uko wazi, na kusajili kampuni ni kazi ya siku moja. Urahisi huo ndio unaowaponza wengi. Kampuni husajiliwa kwa siku moja, lakini wateja hawasajiliwi.

Hakuna chakula barabarani

Jambo la kwanza linalomshangaza mgeni kutoka Dar es Salaam au Mwanza ni kwamba kando ya barabara hakuna mtu anayekaanga chipsi, hakuna sinia la vitumbua, hakuna mama lishe mwenye jiko chini ya mwembe. Uchuuzi wa mitaani umepigwa marufuku Kigali, na sheria ndogo za jiji humtoza faini mchuuzi pamoja na mnunuzi. Hata bila marufuku hiyo, desturi ya Wanyarwanda haipendi mtu mzima kula hadharani, sembuse kula huku akitembea. Chakula huliwa ndani, mtu ameketi.

Matokeo yake kibiashara ni makubwa. Mahitaji yote ambayo kwingineko yangepokelewa na wachuuzi wa barabarani, Kigali yamesukumwa ndani ya vyumba vyenye paa, meza, maji ya kunawia na leseni. Anayeanza hawezi kuanza na sufuria mbili na mtaji wa mboga. Lazima aanze na kodi ya pango. Ndiyo maana wadogo kabisa hawaonekani, na waliobaki sokoni wana wateja wa uhakika zaidi kuliko wenzao wa Kariakoo.

Wateja hao huonekana vizuri zaidi saa saba mchana. Tangu Januari 2023 saa rasmi za kazi nchini Rwanda ni kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na katikati kuna saa moja ya chakula. Katika saa moja, karani anayeishi Kanombe hawezi kupanda basi aende nyumbani, ale, arudi. Anakwenda jirani na ofisi yake, anakula melanje.

Melanje ni neno walilolichukua kutoka Kifaransa, maana yake mchanganyiko, na ndicho chakula kinachoilisha Kigali mchana. Ni bufee ya bei moja. Juu ya meza ndefu kuna wali, viazi vya kukaanga, ndizi za kupika, maharage, mihogo, ugali, tambi, mchicha wanaouita dodo, na isombe, ambayo Mtanzania ataitambua mara moja kuwa ni kisamvu. Mteja hujipakulia mwenyewe, lakini mara moja tu. Harudi tena mezani. Nyama hapakui. Mwisho wa meza amesimama mhudumu mwenye kijiko kikubwa, naye ndiye anayetoa kipande kimoja au viwili pamoja na mchuzi. Wenyeji wamekuwa mafundi wa kujenga sahani: mihogo na viazi chini kama msingi, wali juu yake, maharage yakimiminwa mwisho yashike pembeni. Mgeni hucheka akiona mlima ule, halafu siku ya tatu naye anajenga wake.

Kwa mlaji, hakuna mahali Kigali ambapo pesa yake hununua chakula kingi zaidi. Melanje inapatikana katikati ya mji, Remera, Kimironko karibu na soko, Nyabugogo penye kituo kikuu cha mabasi, na karibu kila penye ofisi tatu na duka la simu. Njia ya kuchagua ni ile ile ya kila mahali: pale palipo na foleni ya madereva na makarani saa saba, ndipo chakula hakijalala.

Hesabu ya sahani

Kwa mwenye mgahawa, hesabu ni ngumu zaidi kuliko foleni inavyoonyesha. Tuchukue mfano tu. Mtu anauza sahani kwa faranga 2,500, anauza sahani 150 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Mapato ya siku ni faranga 375,000, ya mwezi ni faranga 9,750,000. Kwa mwekezaji aliyetoka na noti zake kupitia Rusumo, tarakimu hizo zinapendeza sana.

Sasa kodi. Rwanda hutoza Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, na anayezidisha mauzo ya faranga milioni 20 kwa mwaka lazima ajiandikishe. Mgahawa wa mfano huu unavuka kiwango hicho kabla ya miezi mitatu kwisha. Katika sahani ya faranga 2,500, serikali ina faranga 381 zake ndani, na mwenye mgahawa anabakiwa na 2,119. Kwa mwezi ni karibu faranga milioni moja na nusu.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Mwenye duka la vifaa vya umeme hulipa VAT anaponunua bidhaa, kisha akaikata anapolipa ile aliyokusanya kwa wateja. Mwenye melanje ananunua viazi, ndizi, maharage na mboga kutoka kwa wakulima na sokoni, na mazao yasiyosindikwa yamesamehewa VAT. Hakulipa kitu wakati wa kununua, basi hana cha kukata. Karibu 381 yote inatoka kwenye sahani yake. Aliyepanga faida ya faranga mia tatu kwa sahani bila kukumbuka jambo hili amefungua mgahawa wa hasara, na atagundua katika miezi ya mwanzo.

Kukwepa hakuwezekani kama kunavyodhaniwa. Mashine za risiti za kielektroniki zilianza kutumika Rwanda mwaka 2013. Mwaka 2024 mamlaka ya mapato ilianza kumrudishia mteja sehemu ya VAT, asilimia 10 yake, kila anapodai risiti yenye namba yake ya simu. Tangu hapo mlaji aliyeketi mezani ana sababu yake mwenyewe ya kutaka karatasi hiyo.

Je, biashara ya melanje haifai? Inafaa, kwa mtu anayeweza kusimamia sufuria mwenyewe. Faida yake iko katika vitu viwili ambavyo havionekani kwenye vitabu: kipande cha nyama kinachotolewa na mhudumu, na mabaki ya saa nane mchana. Anayepika sahani 200 akauza 150 amempa ng'ombe wa jirani faida yote. Mwenyeji aliyefanya kazi hiyo miaka kumi anajua, kwa kuangalia mvua ya asubuhi, apunguze kilo ngapi za viazi. Mgeni hajui, na atajifunza kwa pesa yake.

Mshikaki na chupa

Jioni mambo hubadilika. Chakula cha jioni cha Mnyarwanda anayetoka na wenzake ni mshikaki wa mbuzi, ambao huitwa burusheti, pamoja na viazi au ndizi za kuchoma na pilipili pembeni. Kuna pia samaki mzima wa kuchoma anayeliwa kwa mikono na watu watatu au wanne, na igisafuria, yaani kuku aliyepikwa na ndizi na kuletwa mezani na sufuria yake. Zingalo ni utumbo wa mbuzi. Akabenzi ni nguruwe, na jina hilo limetokana na gari la Mercedes-Benz. Mwislamu akiona neno hilo kwenye ubao asilidhanie ni aina ya ndizi.

Burusheti haina haraka. Mbuzi hukatwa baada ya mteja kuagiza, na saa nzima inaweza kupita. Saa hiyo nzima mteja anakunywa, na huko ndiko kwenye biashara yenyewe. Nyama huleta watu, bia hulipa mishahara. Primus na Mützig za Bralirwa, kampuni iliyoanza mwaka 1957 kule Gisenyi, ndizo zinazoamua kama baa itafunga mwaka na faida.

Kwa sababu hiyo hiyo biashara ya burusheti inaweza kuangushwa na uamuzi mmoja wa serikali. Baa za Rwanda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na hazikuanza kufunguliwa tena hadi Septemba 2021. Mwaka na nusu! Migahawa iliruhusiwa mapema, ikabaki na nyama bila chupa. Septemba 2023 ukaja utaratibu wa kufunga saa saba usiku siku za kazi na saa nane usiku Ijumaa na Jumamosi. Mwaka 2025 ushuru wa bia ukapandishwa kutoka asilimia 60 hadi 65. Anayetaka kuingia katika baa ajue kwamba anaingia ubia na wizara ya fedha.

Biashara ya maziwa ni ndogo lakini tulivu, na haizungumzwi vya kutosha. Kigali, hasa Nyamirambo, ina vibanda vya maziwa ambako mtu huketi akanywa bilauri ya maziwa ya moto au ikivuguto, yaani maziwa mgando, pamoja na chapati, andazi au yai la kuchemsha. Mpango wa Girinka ulioanza mwaka 2006, wa kuipa kila familia maskini ng'ombe mmoja, umeongeza maziwa nchini, na usindikaji umekua nyuma yake. Vibanda hivi havina mpishi wa kulipwa sana wala saa za usiku. Vinahitaji jokofu, usafi na mteja wa kila asubuhi. Kwa mtaji mdogo, pengine hapa ndipo mtu angepaswa kutazama kabla ya kutazama mahali pengine popote.

Biryogo, palipo na Kiswahili

Mfanyabiashara kutoka pwani hahitaji kutafuta sana chakula cha kwao. Aende Biryogo, Nyamirambo. Waislamu wa Kigali walianzia huko tangu enzi za Wajerumani. Msikiti wa Al-Fatah ulijengwa mwaka 1913, na baadaye Wabelgiji waliwakusanya walioitwa Waswahili katika mtaa huo na kuwabana wasitawanyike. Kilichokuwa kizuizi kikaacha mtaa wenye lugha yake, biashara zake na mapishi yake. Pilau, chapati, chai ya maziwa yenye tangawizi, mishikaki na samaki wa kuchoma vipo hapo, na anayeagiza kwa Kiswahili hujibiwa kwa Kiswahili.

Mwaka 2021 jiji lilifunga barabara za Biryogo kwa magari, zikapakwa rangi, na wenye vibanda wakaruhusiwa kutoa meza nje. Lilikuwa jibu la wakati wa korona, watu wasibanane ndani, lakini likageuka kuwa kivutio. Leo pale huketi mzee wa mtaa, kijana mwenye kompyuta na mtalii mwenye kamera, wote na kikombe kile kile cha chai.

Hapa ndipo mwekezaji wa Kitanzania au wa Mombasa ana kitu ambacho Mfaransa au Mchina hana: anajua pilau inatakiwa iweje. Hata hivyo asijidanganye kwamba anawaletea watu wa Biryogo jambo jipya. Familia za hapo zimepika pilau vizazi vitatu au vinne. Nafasi iliyopo ni nje ya Biryogo, katika mitaa ya ofisi kama Remera na Kacyiru, ambako karani aliyechoka na melanje angelipa zaidi kidogo siku ya Ijumaa kwa sahani ya pilau na kachumbari iliyopikwa na mtu anayejua. Tena pilau si bufee. Mpakuzi ni mwenye mgahawa mwenyewe, na hesabu ya wali inajulikana kabla jiko halijawashwa.

Meza za kimataifa

Sasa tuje kwenye meza zinazowatia watu tamaa. Kimihurura, Kiyovu na Kisementi zina chakula cha karibu kila pembe ya dunia: Kihindi, Kichina, Kiitaliano, Kihabeshi, Kilebanoni, Kifaransa. Khana Khazana ya Kihindi inajulikana miaka mingi. Heaven ilifunguliwa Kiyovu mwaka 2008. Repub Lounge ya Kimihurura ilijenga jina kwa kuchukua isombe na burusheti zile zile na kuziweka katika sahani nzuri mbele ya mandhari ya vilima. Mwaka 2020 mpishi Dieuveil Malonga, mzaliwa wa Kongo aliyejifunza kazi Ulaya, alifungua Meza Malonga, ambako vyakula vya Kiafrika hupikwa kwa ufundi unaowaleta wageni Kigali kwa ajili ya kula tu. Mtu mwenye sherehe au mgeni wa heshima atakula vizuri sehemu hizo, hilo halina ubishi.

Ubishi uko kwenye faida. Mgahawa wa kimataifa Kigali unanunua kwa dola na kuuza kwa faranga. Mvinyo, mafuta ya zeituni, samaki wa baharini na mashine ya kahawa yenyewe vimepita bandarini Dar es Salaam au Mombasa. Kutoka Dar ni karibu kilomita 1,500 za barabara. Mwaka 2023 faranga ilishuka karibu asilimia 18 dhidi ya dola, na mwaka 2025 dola moja ilivuka faranga 1,400. Mwenye mgahawa hawezi kupandisha bei ya sahani asilimia 18 kwa mwaka, kwa sababu nusu ya wateja wake wanalipwa mishahara ya faranga. Anapunguza ukubwa wa sahani, kisha anapunguza wahudumu, mwishowe anauza viti.

Waliofanikiwa ni wale waliogundua kwamba jina la chakula linaweza kuwa la kigeni huku malighafi ikiwa ya shambani. Viazi vya Musanze vinavyoota katika udongo wa volkano havihitaji kuagizwa Ubelgiji. Jibini hutengenezwa nyanda za Gishwati. Kahawa ya Rwanda, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikipanda meli huku wakulima wake wakinywa chai, sasa hukaangwa Kigali na kuuzwa kwa kikombe. Katika Ziwa Kivu kuna sambaza, ambao kwa kweli ni dagaa wa Ziwa Tanganyika waliohamishiwa huko mwaka 1959. Wakikaangwa wakakauka wakawekwa ndimu, hukaa vizuri kwenye meza ya hoteli na kwenye meza ya baa ya Rubavu vilevile. Mwenye mgahawa anayenunua vitu hivi akauza chakula chenye jina la Kifaransa amejikinga na dola kwa kiasi kikubwa.

Wapo watakaosema kwamba Kigali ni mji wa mikutano na hao wajumbe ndio soko. Ni kweli kwamba mikutano ipo. Jengo la mikutano la Kigali na hoteli ya Marriott vilifunguliwa mwaka 2016, mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola ulifanyika Juni 2022, na Septemba 2025 zilifanyika mbio za baiskeli za ubingwa wa dunia. Lakini mjumbe wa mkutano anakula wapi? Kifungua kinywa kimo katika bei ya chumba. Chakula cha mchana kimo katika bei ya mkutano. Jioni ya kwanza kuna dhifa, jioni ya pili amechoka. Mgahawa wa mtaani unampata labda usiku mmoja, naye hatarudi tena mwaka huo. Mtalii wa sokwe aliyelipa kibali cha dola 1,500, kiwango kilichowekwa mwaka 2017, naye hulala Kigali usiku mmoja akaelekea Musanze alfajiri. Mgahawa wenye viti 60 hauishi kwa wapita njia, unahitaji watu wanaorudi.

Na mikutano husimama. Virusi vya Marburg vilipotangazwa mwishoni mwa Septemba 2024, mlipuko ulidhibitiwa na kutangazwa kwisha Desemba 20 mwaka huo huo. Kwa afya ya umma yalikuwa mafanikio. Kwa mwenye mgahawa wa wageni, hiyo ilikuwa karibu robo nzima ya mwaka ya mashaka, na pango lililipwa kama kawaida.

Kalenda ya mji huu inastahili kusomwa kabla ya mkataba wa pango kutiwa saini. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni umuganda, na biashara hufungwa hadi kazi ya asubuhi imalizike. Mara mbili kwa mwezi barabara kuu hufungwa Jumapili asubuhi kwa ajili ya mazoezi. Wiki inayoanza Aprili 7 nchi huingia katika maombolezo ya mauaji ya kimbari ya 1994, muziki na starehe husimama, na hapana mtu mwenye adabu atakayelalamikia mauzo ya wiki hiyo. Aliyepanga marejesho ya mkopo kwa wiki 52 zinazofanana amepanga vibaya.

Kuuza kwa mwenye jiko

Kwa wasomaji wengi wenye mtaji wa wastani, swali zuri zaidi huenda si kufungua mgahawa, bali kuwauzia walioufungua. Kila sahani ya melanje ina wali, na Rwanda hailimi mpunga wa kutosha. Sehemu ya mchele wake hutoka Tanzania. Kituo cha pamoja cha mpakani Rusumo kilizinduliwa rasmi Aprili 2016, na tangu hapo gari linakaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Mwenye jiko Remera anataka mchele wa aina moja kila wiki, usio na mawe, kwa bei inayojulikana. Anayeweza kumpa hayo kwa miezi sita mfululizo hahitaji meza wala viti wala mashine ya kahawa. Viungo vya Zanzibar na Tanga vina njia hiyo hiyo.

Hatari ipo huko pia. Mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa Februari 2019, na haukufunguliwa hadi mwisho wa Januari 2022. Waliokuwa wakitegemea njia hiyo moja walikaa miaka mitatu. Mpaka na Burundi nao ulifungwa Januari 2024. Aprili 2023, bei za vyakula zilipokuwa juu, serikali ya Rwanda iliondoa VAT kwenye mchele na unga wa mahindi, papo hapo ikaweka bei za kikomo. Waliokuwa na mzigo ghalani walionunua kwa bei ya juu walijikuta wakiuza kwa bei waliyopangiwa. Mzigo mdogo unaozunguka haraka ni salama kuliko ghala lililojaa.

Plastiki pia isisahaulike. Mifuko yake ilipigwa marufuku mwaka 2008, na sheria ya mwaka 2019 ikagusa vyombo vya kutumia mara moja. Anayepeleka viungo Kigali katika pakiti za nailoni atavipokea tena Rusumo.

Anayetaka kuona jinsi mtaji mdogo ulivyoweza kukua katika nchi hiyo apande basi la kuelekea Musanze, ashuke Nyirangarama, ambako magari ya abiria husimama watu wale burusheti na kunywa maji ya matunda. Mwenye mahali hapo, Sina Gérard, alianza miaka ya 1980 kwa kuuza maandazi kando ya barabara hiyo. Hakujenga hoteli ya kimataifa Kigali. Alinunua pilipili na matunda ya majirani zake wakulima akavisindika, na pilipili yake ya Akabanga, ile ya mafuta katika kichupa chenye kidondoshi, sasa imo juu ya meza za melanje, za baa na za hoteli kubwa. Matone mawili yanatosha sahani nzima. Mgeni huweka sita.